Besi ya bei rahisi: chagua pikapu ya kanisa la mabati, si ya YouTube

Wasee, tuelewane kwanza. Ukisema "pikapu" hapa soko ya Ishiara, kila mtu anageuka kuangalia ile gari ya kubeba muguka. Leo naongea juu ya ile ndogo, kile kisanduku cheusi cha plastiki kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa ya besi. Swali linakuja kwa ujumbe karibu kila wiki: "Bro, niko na besi ya bei ya chini, inasikika vibaya, niiwekee pikapu gani?" Na kila anayeuliza tayari ana jina kichwani, jina alilolisikia kwa video ya mtu aliyekaa kwa chumba kizuri huko Marekani, chenye zulia chini na sponji kwa ukuta.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wenye hawatayapenda: hilo jina halikusaidii sana. Pikapu inachaguliwa kulingana na mahali itapigiwa. Na yetu inapigiwa kwa kanisa la mabati, saa nne asubuhi, jua la huku likiwa tayari limepasha paa, miksa moja, spika mbili, na nyaya za stima zimefungwa pamoja na nyaya za sauti kwa selotepu ili zisikanyagwe. Kwa hali hiyo, kitu cha kwanza cha kutafuta kwa pikapu si utamu. Ni kunyamaza.

Wacha nieleze. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa kwa huo waya, na hiyo ndiyo sauti yako. Shida ni kwamba koili haijui kuchagua. Inanasa uzi, na inanasa pia stima iliyo ukutani, transfoma ya amplifaya, taa za tyubu, na siku stima imepotea, jenereta ama inveta ya sola. Stima yetu Kenya inapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Sasa chukua besi yako, bonyeza uzi wa E freti ya tatu. Hiyo ni G, na inatikisika mara 49 kwa sekunde. Umeona mahali naelekea? Mvumo wa stima ni G iliyopanda kidogo, G ambayo hakuna mtu ameituni, na haipumziki. Mkiimba kwa G, kanisa zima linasikia kitu kimechacha hata kama hakuna anayeweza kusema ni nini. Yule jamaa wa video stima yake ni 60, mvumo wake unaangukia kwingine kabisa, kati ya A-sharp na B. Hata kelele yake si yetu.

Na hii si stori ya wapenda vyombo peke yao. Nimeona zaidi ya mara moja vile inaenda. Pasta anasimama kuomba, watu wamefunga macho, na pale nyuma besi inafanya "mmmmmm". Mzee wa kanisa anageuka. Wiki ya kwanza unaambiwa uzime. Wiki ya pili mwenyekiti wa kwaya anakuita kando na kukuambia kwa upole, "Kijana wangu, wacha tu, mwenye kinanda atapiga besi na mkono wa kushoto." Wiki ya tatu wewe ni mtu wa kubeba spika. Na hiyo besi haikuanguka kutoka mbinguni. Akina mama walichanga, pesa ya ndengu, pesa ya kuku, wakaiweka mezani noti kwa noti. Sasa inakaa imefunikwa na kitenge kwa kona. Mkono wa kushoto wa kinanda unaweza kushika noti, sikatai, lakini hauwezi kuongea na gitaa vile besi ya benga inaongea. Msikilize Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers, watu wa ng'ambo ya Tana hapo, halafu uniambie kama hiyo kazi unaweza kuipa mkono wa kushoto wa mtu ambaye mkono wake wa kulia una shughuli zake.

Basi kabla hujatuma pesa popote, hakikisha kwamba mwenye makosa ni pikapu. Washa kila kitu, fungua sauti ya besi yote, usipige. Gusa nyuzi na kiganja. Mvumo ukipungua ukigusa, waya wa athi unaotoka kwa daraja uko sawa, ila ndani ya besi hakuna ukuta wa kuzuia kelele. Ukiongezeka, ama usibadilike hata kidogo, kuna waya umekatika ama umeunganishwa vibaya, na hiyo ni kazi ya dakika kumi. Pikapu mpya hapo ni kupoteza pesa. Halafu simama mahali pamoja na ugeuke polepole kama mtu anayetafuta netiweki. Kama kelele inapanda na kushuka kulingana na upande unaoangalia, hapo sasa ni koili yenyewe inanasa, na hapo ndipo kununua kunaanza kuwa na maana.

(Ukigusa nyuzi huku mdomo uko kwa maikrofoni na upigwe shoti, hata ndogo, weka besi chini. Hiyo si pikapu. Ni stima ya jengo ama amplifaya iko na hitilafu, ita fundi wa stima kabla mtu hajaumia.)

Ule ukuta wa ndani unaweza kuutengeneza na karatasi ya foili ya jikoni, ile ya kufunikia nyama. Unabandika kwa shimo lote la nyuma ya pikapu na vifundo, vipande vyote vikigusana, kisha unaunganisha na waya wa athi. Lehemu haishiki kwa alumini, kwa hivyo funga huo waya na skrubu, usijichoshe. Na hakikisha foili haigusi ule mguu wa katikati unaopeleka sauti nje, la sivyo besi itanyamaza kabisa, na si kunyamaza kule tunataka. Hii dawa inaua ule mchakaro wa "zzzz". Mvumo mzito wa transfoma hauskii foili, huo unataka koili mbili.

Na hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Leo Fender alitoa besi ya Precision mwaka 1951 ikiwa na koili moja. Mwaka 1957 akaigawanya mara mbili: nusu moja chini ya E na A, nusu ingine chini ya D na G, zimezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa. Kelele inaingia kwa zote mbili na inajifuta yenyewe. Sauti ya nyuzi inabaki. Hakuna betri, hakuna umeme wa ziada, hesabu tupu. Hiyo pikapu iliyogawanyika vipande viwili, kimoja juu kidogo kingine chini, ndiyo iko kwa besi nyingi za bei rahisi. Kama yako ni hiyo na imeunganishwa vizuri, manze usinunue kitu. Weka foili, shusha ama pandisha pikapu na bisibisi, endelea na maisha.

Wenye wanahitaji kununua ni wale wa muundo wa Jazz, ile ya 1960, yenye visanduku viwili virefu vyembamba. Zikifunguliwa zote sawasawa, moja inafuta kelele ya nyingine, kama zilitengenezwa kinyume. Lakini nani anazifungua sawasawa? Ukitaka sauti kavu inayoongea, ile ya benga, unapunguza ya shingo na kuacha ya daraja. Papo hapo mvumo unarudi. Kwa hiyo ukiwa na Jazz, tafuta zile zenye umbo lile lile la nje lakini ndani kila moja ina koili mbili, ama moja juu ya nyingine ama zimefuatana kwa mstari. Muuzaji akikuambia "hii iko na sauti ya zamani halisi ya koili moja", anakuambia ukweli, na ukweli huo ni kwamba itavuma.

Mambo ya sumaku gani, alniko ama seramiki, watu wamepigania mitandaoni miaka. Tofauti ipo, seramiki mara nyingi inatoka na nguvu na ukali kidogo. Lakini weka hizo mbili chini ya mabati, spika moja inabeba besi, kinanda na sauti ya pasta, halafu ulete mtu azitambue akiwa amefunga macho. Mimi siweki pesa yangu hapo. Nataka kati. Uzi wa E mtupu unapiga mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haziwezi kuitoa hiyo. Unachosikia ni sauti za juu yake, na sikio linajaza zilizobaki. Pikapu inayosifiwa kwa uzito wa chini itakupa matope. Yenye kati safi itakupa noti zinazosikika hadi mlangoni.

Zile za betri, je? Ni kimya, zinafanya kazi vizuri, EMG walijenga jina lao hapo. Kwa kanisa letu nazikataa. Betri ya voti 9 inaendelea kutumika mradi waya umechomekwa kwa besi, hata kama hakuna anayepiga. Besi ya kanisa inapigwa na watu watatu wanne, mmoja lazima atasahau waya humo tangu mazoezi ya Ijumaa. Jumapili kwaya imesimama, besi imekufa, na sidhani utapata duka ya betri ukiwa katikati ya wimbo.

Kuhusu pesa, kanuni yangu ni kwamba pikapu isizidi theluthi ya bei ya besi. Zile za majina makubwa, ukiongeza usafiri na ushuru, zinaweza kukaribia bei ya besi yenyewe, na hapo umeanza kuvalisha punda suti. Kuna wenye watasema basi uza, nunua besi bora. Kama shingo imepinda hadi chuma cha ndani hakiwezi kuinyoosha, nakubaliana na wao, hakuna pikapu inatibu shingo. Lakini kama shingo iko sawa na freti hazikwaruzi, mbao za siku hizi zinakatwa na mashine na nyingi ziko poa. Ukiuza hapa utapewa bei ya kuni. Na mbele ya pikapu kuna nyuzi. Vumbi yetu na jasho zinaua nyuzi haraka, seti mpya inaweza kukupa uwazi uliokuwa unautafuta kwa pikapu. Ingawa James Jamerson wa Motown alijulikana kwa kutobadilisha zake, na alipiga Precision ya 1962 hivyo hivyo na kidole kimoja. Sisi si Jamerson.

Ukiamua kuagiza, pima na rula kwanza. Za Jazz za kawaida hazilingani: ya shingo ina urefu wa milimita 92 hivi, ya daraja karibu 95. Besi za bei rahisi wakati mwingine zinaweka mbili za saizi moja, na zile pana za mstatili kila kiwanda kina vipimo vyake. Pima pia kutoka uzi wa E hadi uzi wa G pale juu ya pikapu, maanake vichwa vya sumaku visipokaa chini ya nyuzi, uzi mmoja utakuwa unanong'ona. Piga picha, andika vipimo, mtumie muuzaji kabla ya M-Pesa, si baada.

Kulehemu, mpelekee fundi wa redio. Wale wazee wa sokoni waliokaa miaka na redio za betri wanajua hizi koili kuliko mimi na wewe, muonyeshe tu mchoro wa nyaya kwa simu na umsalimie vizuri. Ukichanganya pikapu za watengenezaji wawili na ukizifungua zote sauti inakuwa nyembamba kama mbu, usilie kwamba umeuziwa feki. Zinapingana. Mwambie fundi abadilishane nyaya mbili za pikapu moja tu, uzito utarudi.

Sasa, wenye Jazz kuanzia hapa Ishiara hadi Siakago, fanyeni kile kipimo cha kugeuka polepole Jumapili hii kabla ibada haijaanza. Niandikie mvumo ulipungua ukiwa umeangalia wapi, na ni kitu gani kilikuwa kimewashwa karibu na wewe. Nataka kujua kama ni taa za tyubu peke yake ama ni zile inveta za sola, maanake kwetu naanza kushuku inveta.