Cha bure kisiuzwe kwa waliokimbia vita

Pembeni ya kambi kuna vijana wanaochaji simu kwa pesa. Hiyo ni kazi, hatuilaumu. Lakini kila mara kumtoza mama aliyekimbia vita ili watoto wake wawekewe hadithi za African Storybook, hiyo ni kumnyonya. Hadithi hizo ni za bure kwenye intaneti, na za Kiswahili zimo. Waliozitoa wameruhusu kila mtu azisome, azichape na azigawe.

Mtasema mega zinalipwa. Kweli, lakini zinalipwa mara moja tu. Ukishapakua, hadithi inapita simu kwa simu bila mega hata moja. Vilevile programu ya Kiwix: nayo ni ya bure, na ukiipakua pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, unasoma hata pasipo mtandao.

Shule ikifungwa kwa sababu ya vita, mtoto huyo anabaki na nini? Vijana, uvumi mnautuma bure kila asubuhi kwa watu wote mnaowajua. Basi kwa nini kitabu cha mtoto ndicho mkiuze?