Kuchapishwa kwa itifaki hakutoshi kumlinda mnunuzi wa kompyuta pepe

Taasisi inayowapa watumishi wake kompyuta pepe hununua pia, mara nyingi bila kukusudia, itifaki inayosafirisha picha ya skrini kutoka kwenye seva hadi mezani. Itifaki hiyo ikiwa siri ya kampuni moja, kubadili mtoa huduma kwaweza kulazimisha kubadili hata vifaa.

Mwaka 2008 Microsoft ilichapisha maelezo ya itifaki yake ya RDP, na watengenezaji huru wakaunda programu kama FreeRDP. Hata hivyo, mabadiliko yake bado huamuliwa na Microsoft. RFB, itumikayo katika VNC, ilichapishwa mwaka 2011 kama RFC 6143, lakini kwa taarifa tu, si kiwango rasmi. Kwa hiyo zabuni idai majaribio ya vifaa vya watengenezaji mbalimbali kabla mkataba haujasainiwa.