Kipupwe kisiwanyime watoto mboga: Zipandwe juu, kibarazani

Kipupwe kikiingia mwezi Juni, familia nyingi za Njombe na Makete huamka na kukuta bustani nyeupe. Umande umeganda juu ya majani, na jua likipanda, mchicha na majani ya maboga hunyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kuanzia hapo hadi Agosti, mboga ya watoto hutegemea sokoni.

Mboga iliyo kwenye chombo kinachoning'inia chini ya paa la kibaraza ina nafasi kubwa zaidi ya kupona. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kwenda angani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutulia chini. Paa hupunguza upotevu huo, na ukuta uliopigwa na jua mchana hutoa joto polepole usiku.

Mboga za kuchagua ni zile zinazopenda ubaridi: spinachi, chainizi, sukuma wiki, saladi, giligilani na vitunguu vya majani. Stroberi nayo hustawi, na watoto huifurahia. Mchicha na bamia zisubiri joto. Kwa kuwa mimea hukua taratibu kwenye baridi, ni vizuri kupanda Aprili au Mei ili Juni ikute mizizi imeshika.

Dumu la lita 5 la mafuta ya kula, likikatwa juu na kutobolewa matundu chini, linatosha. Dumu lililokuwa na dawa ya viazi au rangi lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi, kwa sababu sumu iliyobaki inaweza kuishia kwenye sahani ya mtoto. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Mbolea mbichi ya kuku huunguza mizizi na hubeba vijidudu.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni uzito. Dumu hilo likijaa udongo uliolowa linaweza kufika kilo 7, na likianguka kichwani mwa mtoto ni balaa. Lifungwe kwenye mbao imara ya kenchi kwa waya usioshika kutu. Kamba ya katani huoza ikilowa mara kwa mara. Lisiwekwe juu ya mlango wala mahali watoto wanapochezea, na waya ukaguliwe kila wiki.

Maji nayo yana saa yake. Yakimwagiwa jioni, udongo hulala umelowa na baridi, na mizizi huanza kuoza. Yamwagiwe asubuhi jua likishatoka, tena baada ya kupima kwa kidole: udongo ukiwa mkavu hadi pingili ya kwanza, maji yanahitajika. Kazi hii mtoto wa miaka sita anaiweza akisimamiwa, dumu likiteremshwa chini kwanza. Upepo wa kipupwe hukausha haraka, hivyo kipimo hicho kifanyike kila siku.

Wakati wa kuvuna, yachumwe majani ya nje na moyo wa mmea uachwe uendelee kuchipua. Dumu moja halitashibisha nyumba nzima, lakini madumu matano au sita yakichumwa kwa zamu huongeza majani kwenye sufuria wiki baada ya wiki, hata bustani ya chini ikiwa imeungua.