Waya wa nyumba usiupeleke baharini

Haya wasomaji wangu, leo naweka kibodi pembeni tuongee habari ya waya. Ndiyo, waya!

Mjomba wangu ana mashua ya uvuvi kule Kilifi. Na mnajua ukiwa mtu wa kompyuta, jamaa zako wote huamini wewe ni fundi wa kila kitu chenye umeme. Basi nikapewa kazi ya kumwekea sola: paneli moja ya wati 100, kontrola ya kuchajia, betri ya volti 12, taa na redio ya VHF. Paneli nilinunua nzuri, betri nzuri. Waya je? Nilikuwa na roli ya 1.5 iliyobaki nilipomaliza nyumba. Nikajiambia, waya ni waya.

Miezi mitatu baadaye mjomba akapiga simu. "Mpwa wangu, redio hii inasikia watu vizuri, lakini nikibonyeza niongee inazima." Sasa fikiria hiyo iwe usiku nje ya mwamba, kusi inavuma, na wewe unaita msaada chaneli 16. Redio ya kusikia tu ina faida gani?

Nilishuka na mita yangu. Kontrola, iliyokuwa tezi karibu na paneli, ilionyesha volti 14.4, yaani betri iko karibu kujaa. Kwenye vichwa vya betri yenyewe, mita 8 kuelekea omo, nikapata 13.4. Volti nzima imepotea njiani! Hesabu yake ni ya darasani: paneli hiyo hutoa kama ampea 5.5, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita 16. Shaba ya milimita 1.5 ya mraba kwa urefu huo ina ukinzani wa omu 0.18 hivi. Zidisha kwa 5.5, unapata volti 1.

Kwa sisi waandika programu, hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote: ile isiyotoa ujumbe wa kosa. Kontrola inaamini betri imeshiba, inapunguza chaji, na betri inalala njaa kila siku mpaka inakufa.

Wenye viwango vya umeme wa boti kule Marekani wanasema kwa vifaa muhimu usipoteze zaidi ya asilimia 3. Kwa volti 12 hiyo ni 0.36. Kwa njia yetu, waya wa 4 unapoteza 0.38, wa 6 unapoteza 0.25. Lakini dawa ya kwanza haikuwa hata ya pesa: nilihamisha kontrola ikakaa kando ya betri. Sasa safari ndefu iko upande wa paneli, ambako kuna volti kama 18, na kontrola inaona ukweli wa betri.

Je, hapo ningeweza kubakiza ule wa 1.5? Hapana, kwa sababu kuna chumvi. Nilipoukata, ndani ulikuwa umeota kutu ya kijani. Tena ulikuwa wa uzi mmoja mgumu, na mashua hutikisika mchana kutwa. Uzi mmoja ukichoka, umekatika. Baharini unataka waya wa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi umepakwa bati. Kebo halisi ya sola, ile yenye maandishi H1Z2Z2-K, iko hivyo, na ganda lake linavumilia jua.

Angalizo dukani. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, lipa uende. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, rudisha. Utaujua hata kwa uzito, ni mwepesi mno.

Na fyuzi! Iweke karibu kabisa na betri, si karibu na paneli. Paneli ukiigusanisha nyaya zake inatoa ampea 6 tu hivi. Betri inaweza kumwaga mamia, na hizo ndizo zinazochoma mashua.

Maoni yangu ni haya: kama pesa hazitoshi, nunua paneli ndogo na waya mzuri, usifanye kinyume. Watu wanapenda paneli kubwa kwa sababu inaonekana kutoka ufukweni. Waya hauonekani, lakini paneli ndogo itachaji polepole na kwa uhakika. Paneli kubwa kwenye waya mbovu inachaji hewa.

Mjomba sasa anaongea redioni mpaka majirani wa baharini wanamwomba anyamaze. Gharama ya waya mpya nililipa mimi, maana kosa lilikuwa langu.