Hii Bahari ya Kitui Iko Upande Gani?



Kabla hujafungua ukurasa wa mashairi na ule wa vichekesho (najua ndiko unakokimbilia), nipe dakika chache. Nina neno, na limenikaa kooni tangu muhula wa kwanza.

Muhula huo mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha yenye kichwa "Mandhari ya Kwetu". Ijumaa akaingia darasani na mzigo wa madaftari, uso umekunjamana kama jani la tumbaku. Hakuyagawa. Alianza kusoma moja baada ya jingine kwa sauti, bila kutaja jina la mtu. Insha ya kwanza ilikuwa na mawimbi yakipiga ufuo. Ya pili ilikuwa na minazi iliyoinama kwa upepo wa kusi. Ya tatu ilikuwa na jahazi limetweka tanga, na wavuvi wakirejea kwa nyimbo. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao mpaka mbavu zikauma. Kisha akasoma ya nne. Ya nne ilikuwa yangu. Jua lilikuwa likizama baharini.

Sasa mimi nimezaliwa karibu na mto Tiva, kaunti ya Kitui. Bahari sijapata kuiona ila kwenye kalenda iliyotundikwa dukani kwa mjomba. Mwalimu hakunikaripia. Aliuliza tu, taratibu, "Hii bahari ya Kitui iko upande gani, nasi twende tukaoge?"

Swali hilo liliniuma kuliko kiboko.

Bahari ile niliitoa wapi? Niliitoa katika lile daftari dogo la "maneno ya kupamba insha", ambalo karibu kila mmoja wetu analo, na ambalo linarithishwa kutoka kidato hadi kidato kama godoro la bwenini. Ndani yake jua huchomoza kwa madaha, ndege hutumbuiza, na mvua hunyesha kama gharika ya Nuhu. Gharika ya Nuhu, Kitui! Huku ambako mvua za Novemba zikikosa, watu wazima wanapanga foleni ya mahindi ya msaada mbele ya ofisi ya chifu.

Maoni yangu ni kwamba sisi waandishi wachanga wa Ukambani hatukosi mambo ya kuandika. Tunaona haya. Tumejiaminisha kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa minazi, na kwamba mtu akitaka kukiandika vizuri sharti kwanza ahame kwao, walau katika mawazo. Lakini lugha hii haikufika huku jana na vitabu vya shule. Misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi pwani karne ya kumi na tisa, na watu wale hawakuwa wakizungumza kwa ishara huko Mombasa. Yule mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alikuwa Kitui mwaka 1849 alipouona Mlima Kenya kwa mbali. Ndiye huyo huyo ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882. Basi Kiswahili na Kitui ni majirani wa zamani, si wageni wanaoamkiana kwa woga.

Na wale washairi wa pwani tunaowaiga, wao waliandika nini? Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga juu ya siasa za mji wake, mapenzi, ugomvi wa majirani na shida za siku hadi siku. Bahari imo katika mashairi yake kwa sababu ilikuwa mlangoni pake. Angezaliwa Mutomo angetunga juu ya punda.

Naam, punda. Twende Tiva basi.

Mwezi wa tisa Tiva haina maji ya kuonekana. Ni barabara pana ya mchanga mweupe, na mgeni akipita hapo hudhani mto umekufa. Saa kumi alfajiri kina mama wameshafika na punda na mitungi ya njano. Shimo limechimbwa mchangani hata limemzidi mtu kimo, likazungushiwa miiba ili mifugo isilibomoe. Mmoja yuko chini kabisa, mwingine amesimama katikati kwenye kingo, wa tatu yuko juu, na kopo linapanda na kushuka mkono kwa mkono. Maji yakiisha hakuna anayepiga kelele. Wanangoja. Yanarudi yenyewe, yanachuruzika polepole kutoka pembeni, na mwenye pupa akichota kabla hayajatulia anajaza mtungi wake matope.

Katika kungoja huko habari zote za kijiji hupita: nani ameposwa, fahali wa nani ameuzwa ili karo ilipwe, mume wa nani yuko Nairobi na simu haipatikani. Nimesikia hapo mafumbo na matusi ya kistaarabu ambayo hayamo katika kitabu chochote cha fasihi simulizi tunachobeba mkobani. Halafu linakuja lori la kuzoa mchanga. Vijana wanashuka na sepetu, wengine ni wana wa wale wale kina mama walio shimoni. Ieleweke kwamba ule mchanga ndio tangi letu, maana unayaficha maji jua lisiyanyonye, na ndiyo sababu watu wa Kitui na Makueni wanajenga mabwawa ya mchanga. Lori likishazoa mchanga limezoa na maji. Lakini yule kijana naye amepata pesa za unga jioni hiyo. Niambieni, ni jahazi gani lenye hadithi kuliko lori hilo?

Nilipokuwa nikikwepa utani wa wenzangu ("Baharia! Baharia huyooo!") nilijificha maktabani, na huko nikakutana na watu ambao sikuwahi kuwasikia. Walikuwa wakiitwa Wadruidi. Hawa walikuwa makuhani na wanazuoni wa kale wa Waselti, huko Uingereza na Ufaransa, kabla Warumi hawajawatawala. Julius Caesar, aliyepigana na Waselti, aliandika kwamba Wadruidi walikatazana kuyaweka mafundisho yao katika maandishi, hivyo mwanafunzi alikariri mashairi kwa wingi, na wengine walikaa masomoni hadi miaka 20. (Nasi tunalia kwa tamthilia moja na riwaya moja!) Ibada zao zilifanyika katika vichaka vitakatifu, na mti waliouheshimu kupita yote ni mwaloni. Waliobaki Wales wana neno awen, maana yake ule mvuvio unaomshukia mshairi, na Wadruidi wa siku hizi, maana wapo, hulitumia sana wakienda msituni kutafuta la kuandika.

Niliposoma habari za kile kichaka nilifunga kitabu. Nilikuwa nakijua.

Nyuma ya boma la nyanya yangu, ukishavuka shamba la ndengu, kuna ithembo. Ninyi mliozaliwa huku mnajua, wengine niwaeleze. Ithembo ni mahali pa wazee pa kumwomba Mungu na kuwakumbuka waliotangulia. Pale kwetu pana muumo mmoja mkubwa, mti wa jamii ya mikuyu, na vichaka vinavyouzunguka. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza nyanya kwa nini haukatwi na kuni ni shida.

"Susu, si tungekata tawi moja tu?"

"Wewe ukikosa kuni," akanijibu, "unapasua mimbari ya kanisa?"

Akanihadithia mwaka mmoja wa kiangazi alipokuwa msichana. Wazee walipeleka mbuzi pale, na akina mama wakacheza kilumi, ngoma ikalia usiku kucha. Nikamuuliza kama mvua ilinyesha. Akacheka. "Mwaka huo ilinyesha. Miaka mingine haikunyesha. Lakini siku ya ngoma hakuna aliyelala."

Maneno hayo alinipa nikiwa darasa la tano. Nikayaweka chini, nikaenda kuandika juu ya mawimbi.

Sasa sikilizeni yaliyowapata Wadruidi. Karibu mwaka 60, jeshi la Warumi lilivuka hadi kisiwa cha Mona, ambacho leo kinaitwa Anglesey, likakata vile vichaka vyao. Kwa kuwa hawakuandika, mashairi yale ya miaka 20 yalikwenda na waliokuwa wakiyajua. Hakuna hata moja tunaloweza kulisoma leo. Karne nyingi baadaye fundi wa mawe kutoka Wales, Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg, aliuonea uchungu urithi huo. Mwaka 1792 alikusanya watu kwenye kilima kimoja cha London akafanya sherehe aliyosema ni ya Wadruidi wa kale. Wataalamu walikuja kugundua kwamba nyingi kati ya hati alizodai ni za kale alizitunga mwenyewe. Hata hivyo Wales hadi leo wanamtunza mshairi wao bora kwa sherehe iliyotokana na ile ya Iolo.

Mimi simcheki. Mtu aliyepoteza nyanya hulazimika kumbuni. Ila sisi nyanya zetu wapo, wameketi kivulini wanasuka viondo, na tunapita mbele yao tukienda kununua bando ili tutafute la kuandika.

Najua kuna watakaosema nawarudisha watu gizani. Tayari nimeyasikia. Shairi langu la kwanza juu ya ithembo lilirudishwa na mtu mzima mmoja, ambaye simtaji, akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mambo ya mashetani." Tangu siku hiyo bwenini jina la Baharia likafa, nikawa Mganga.

Jamani, mimi ni mtoto wa kanisa. Babu wa upande wa mama, kule Mbooni, alikuwa mzee wa kanisa, na Ukristo wenyewe si mgeni Makueni. Wamishonari wa Africa Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza Nzaui mwaka 1895. Sijamwambia mtu apeleke mbuzi popote. Lakini Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931, alikuwa kasisi wa Kianglikana hadi alipofariki mwaka 2019, na hakuona dhambi kukusanya hadithi za Wakamba na kuzichapisha mwaka 1966, wala kuandika mwaka 1969 kitabu kizima juu ya dini za Waafrika ambacho kinasomwa vyuo vikuu ulimwenguni. Wamijikenda nao misitu yao ya kaya imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Kwani kuandika juu ya mti ni kuuabudu? Basi walioandika juu ya mawimbi wote wanaabudu samaki.

Likizo ya Aprili nilienda kwa nyanya. Shamba lile limegawanywa kwa warithi, na ithembo imeangukia kipande cha mmoja wao. Upande wa mashariki wa muumo matawi mawili makubwa hayapo. Chini yake pana doa jeusi, pale tanuri la makaa lilipokuwa. Shina bado limesimama. Nilimuuliza mwenye shamba, ambaye ni ndugu yangu wa damu na ana watoto watatu shuleni, naye akanijibu bila hasira, "Wewe utaliandika shairi, litalipa karo?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo ninapoandika haya sina. Nilichofanya ni kuketi pale na daftari hadi jioni, nikaandika kila nilichoona na kusikia, kwa sababu likizo ijayo huenda nisilikute shina.

Nikaandika kwamba njiwa walikuwa wakila matunda ya muumo.

Usiku nikamsomea nyanya, kwa Kiswahili, nikimfasiria pale aliponikunjia uso. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwa njiwa.

"Njiwa gani? Njiwa huokota chini. Wale wa muumo ni wa kijani, huwaoni mpaka waruke."

Niliporudi shuleni nilikwenda kwenye kamusi, nikiwa na hakika kwamba lugha ya minazi haiwezi kuwa na neno la ndege huyo. Ninalo. Ni ninga. Nimekata "njiwa" nikaandika "ninga", na shairi lenyewe nimemkabidhi mhariri wa gazeti hili. Akilichapa mtalikuta kurasa chache mbele. Nyanya ameshaniuliza mara mbili kwa simu kama nimewabadilisha wale ndege.