Vumbi la Agosti, maji ya Novemba
Safu ya kila juma, na Mwana-Annexe

Shofere anayetoka Kalebuka kwenda mjini huligundua tatizo kwenye kona. Akipinda, anasikia maji yakicheza nyuma ya dashibodi kama yako ndani ya kibuyu. Akifunga breki, yanamwagikia miguu ya abiria wa mbele, naye abiria anainua viatu na kumtazama. Tapi imelowa, vioo vimejaa ukungu kwa ndani, motoka nzima inanuka kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni.

Mvua imeingia, atasema mmoja. Mwingine atasema gesi ya klima inavuja.

Gesi haigeuki maji. Mfumo wake ukitoboka inatoroka kama hewa, wala haimlowanishi mtu. Maji yale yametoka katika hewa ambayo watu wanaivuta. Nyuma ya kasha la makaratasi kuna evaporeta, kifaa chenye mapezi membamba yaliyopoa sana, na hewa yenye unyevu ikipita hapo inayaacha yakitoa jasho kama chupa ya bia ya Simba iliyotolewa sasa hivi kwenye friji. Jasho hilo linachuruzika kwenye sinia ya plastiki, kisha linatoka chini ya motoka kupitia tiyo ya mpira yenye unene wa kidole. Kwa hiyo motoka inayodondosha maji safi chini wakati klima inawaka ni nzima. Siku ya joto na unyevu ambapo ardhi chini yake imebaki kavu, ndipo mwenyewe ahangaike.

Sasa kwa nini kero hii inaiandama sana Annexe? Komuni hii imeuzunguka mji wa Lubumbashi, na barabara zake nyingi, Kalebuka, Luwowoshi, Kasungami, ni za udongo mwekundu. Tangu Mei hadi Septemba mvua karibu haipo kabisa. Motoka inafuata lori, lori linatimua wingu, na feni ya klima inalivuta wingu lile ndani. Filta ikiwa imechoka, au ikiwa iliondolewa zamani na haikurudishwa, vumbi linakwenda kulala kwenye evaporeta. Hakuna anayeliona, kwa sababu hewa ya kiangazi ni kavu na klima haitoi jasho la kutosha. Mvua zinaanza Oktoba au Novemba, hewa inajaa unyevu, jasho linarudi, na vumbi la miezi mitano linakuwa udongo wa kufyatulia matofali. Linashuka kwenye sinia, linafika kwenye tiyo, linaziba.

Ndiyo maana inauma kumwona baba wa watoto akilipia gesi mpya kwa tatizo la tope. Anaondoka garaji na klima yenye baridi zaidi, inayotoa maji mengi zaidi, na tiyo ni ileile iliyoziba. Ni kweli gesi ikipungua evaporeta inaweza kuganda barafu, na barafu ikiyeyuka ikamwaga maji. Lakini kuangalia tiyo ni kazi ya dakika chache, na kazi hiyo inapaswa kutangulia bei yoyote.

Fundi makini anatandika katoni na kuingia chini. Motoka nyingi za hapa zilitoka Japani kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, usukani uko kulia, basi abiria na tiyo yake wako kushoto. Anaibinya mdomo, anapitisha waya laini usio na ncha kali, kisha upepo kidogo wa kompresa. Ukizidi, unaichomoa tiyo kwenye sinia huko ndani, na hapo dashibodi nzima itafunguliwa. Kwanza linadondoka donge jekundu. Kisha maji meusi, yanayonuka. Kisha yanakuja meupe, na fundi anayaacha yatiririke mpaka yaishe.

Kama maji yanaingia wakati klima imezimwa, baada ya mvua tu, mkosaji ni mpira wa kioo au matundu chini ya vifuta kioo yaliyojaa majani ya mwembe. Yakiwa na utelezi, rangi na harufu tamu, ni maji ya radieta yanayovuja kwenye hita. Hilo lisingoje mwisho wa mwezi.

Tapi nayo haikauki kwa kufutwa juu. Chini yake kuna sponji inayoshika maji kwa majuma, na chini ya sponji mara nyingi kuna nyaya ambazo vichwa vyake vitaota kutu. Ukungu unaoota humo wanauvuta watoto waliokaa nyuma, asubuhi na jioni, njia yote ya shule. Kwa hiyo viti vitolewe, tapi yote ivuliwe na kuanikwa ukutani kati ya mvua moja na nyingine, hata kama motoka italala nyumbani siku mbili.