Wajukuu wa Mardana Hawana Pa Kuimba

Kuna sentensi inayozunguka kambini siku hizi na wakubwa wengi wanaipigia makofi: kila jamii ibaki na ngoma yake. Mkongo aimbe ya Kikongo, Mrundi apige ya Kirundi, Msomali na yake, Msudani na yake. Eti ndivyo utamaduni unavyolindwa ukimbizini. Mimi nafanya kazi na vijana, na naandika hapa kusema kwamba sentensi hiyo inaua kitu kile kile inachodai kukilinda. Mfano wa kwetu sitautoa kwanza, maana mtaanza kuuliza mwandishi ni wa kabila gani. Nitaanza na mfano wa mbali, wa watu ambao hakuna hata mmoja wetu mwenye ugomvi nao.

Ni wale wa vilemba na ndevu tunaowaita Makalasinga. Tanzania huwaita Masingasinga, na wenyewe hujiita Sikh. Wengi walifika Afrika Mashariki enzi za kujengwa kwa reli kutoka Mombasa, kazi iliyoanza 1896: mafundi chuma, maseremala, askari. Malori yanayoleta mahindi na mafuta yetu kutoka bandarini hupita Makindu, na dereva yeyote wa njia ile atakwambia kwamba pale kuna hekalu la Makalasinga ambapo msafiri anakula bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chakula. Hakuna anayekuuliza dini wala kadi. Jiko hilo la watu wote ni desturi waliyoirithi tangu kwa mwanzilishi wao, Guru Nanak, aliyezaliwa 1469 katika kijiji cha Talwandi, nchi ya Punjab. Leo mahali hapo panaitwa Nankana Sahib, na pako Pakistan.

Watu wengi wanamjua Nanak. Mimi nataka kumzungumzia aliyetembea naye.

Katika kijiji hicho hicho, kwa mujibu wa mapokeo yao miaka 10 kabla ya Nanak, alizaliwa Mardana. Alikuwa Mwislamu wa ukoo wa Mirasi, yaani watu waliorithi kazi ya kuimba na kukariri nasaba za wenye mali kwenye harusi na sherehe. Waliitwa kila palipokuwa na shughuli, na shughuli ikiisha walidharauliwa. Nadhani hapa kambini tunaijua hali hiyo. Mardana alipiga rababu, chombo cha nyuzi chenye tumbo lililowambwa ngozi, tuseme ndugu wa udi wa taarabu. Nanak alitunga na kuimba, Mardana akampigia. Walizunguka pamoja miaka mingi, kwa miguu, nchi baada ya nchi. Masimulizi ya Makalasinga hayamfichi kama mtakatifu wa kioo: Mardana ndiye anayelalamika njaa, ndiye anayechoka njiani, ndiye anayetaka kurudi nyumbani kuona watoto. Na bado ndiye anayeshika rababu shairi linapomjia mwenzake.

Sasa fikirini. Mwimbaji wa dini nyingine, wa ukoo wa chini, ndiye aliyekuwa masikio ya kwanza ya mashairi hayo yote. Zaidi ya nyimbo 900 za Nanak zimo katika kitabu kitakatifu cha Makalasinga, na sehemu kubwa ya kitabu hicho imepangwa kwa raga, yaani kwa mahadhi ya kuimbia. Ni kitabu kinachodhani kwamba msomaji ataimba. Guru Arjan alipokikusanya na kukikamilisha mwaka 1604, aliingiza pia tungo za Farid, sheikh wa Kiislamu, za Kabir mfumaji wa nguo, na za Ravidas fundi wa ngozi. Humo zimo pia beti chache zenye jina la Mardana. Wasomi wanabishana kama alizitunga mwenyewe au Nanak alizitunga kwa jina lake. Kwangu mimi yote mawili ni heshima: ama mpiga rababu alikuwa malenga, ama malenga alimpenda kiasi cha kuandika kwa jina lake.

Tena Nanak mwenyewe hakuamini mambo ya damu. Alikuwa na wana wawili. Kabla ya kufa mwaka 1539 hakumwachia hata mmoja wao kiti. Alimwachia mfuasi wake Lehna, akampa jina jipya la Angad.

Baada ya Mardana, mwanawe alishika rababu, na baada yake wajukuu. Wao na koo nyingine za Waislamu waimbaji wakaitwa Rababi. Kwa karne nne Rababi waliimba katika nyumba za ibada za Makalasinga, mpaka ndani ya Hekalu la Dhahabu la Amritsar, patakatifu kuliko pote. Mwislamu anaimba maneno ya Guru, Kalasinga ameketi anasikiliza, na wote wawili jioni wanarudi kila mmoja kwenye swala yake. Waliyafanya hayo kila siku, kama kazi.

Sitaki kuwapaka Rababi sukari. Yapo masimulizi ya wawili wao, Satta na Balwand, waliogoma enzi za Guru Arjan. Walitaka malipo zaidi, wakajigamba kwamba bila wao hakuna atakayekuja kumsikiliza Guru. Arjan akawaambia wafuasi wake washike vyombo waimbe wenyewe, na wakaimba. Baadaye wale wawili walirudi, wakasamehewa, na shairi lao refu limo kitabuni mpaka leo. Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinawakata wenye damu vilevile: ukijiona mwenye mali ya urithi, urithi utajifunza kutembea bila wewe. Lakini tazameni pia kwamba aliyekosewa hakufunga mlango.

Waliofunga mlango walikuja baadaye sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Makalasinga walipigania kuzitoa nyumba zao za ibada mikononi mwa wasimamizi waliozifanya kama shamba la baba zao. Mapambano hayo yalimwaga damu nyingi. Mwaka 1921 wafuasi wengi waliuawa Nankana Sahib penyewe, kijijini kwa Nanak na Mardana. Waliposhinda, walitaka nyumba safi yenye kanuni, na mimi siwalaumu kwa hilo. Lakini kanuni za maadili zilizopitishwa 1945 ziliweka kwamba anayeimba nyimbo takatifu mbele ya kusanyiko awe Kalasinga. Mtu akiisoma haraka haoni ubaya. Inaonekana kama ulinzi tu.

Halafu ukaja mpaka. Tarehe 17 Agosti 1947, siku 2 baada ya uhuru wa India, ulitangazwa mstari uliopasua Punjab vipande viwili. Amritsar ikawa India, Lahore ikawa Pakistan, na kati yake ni kama kilomita 50 tu. Zaidi ya watu milioni 10 walihama, huku na huku, kwa treni, kwa mikokoteni, kwa miguu, na waliouawa ni malaki. Makalasinga wa upande wa Pakistan wakakimbilia India. Rababi, kwa kuwa ni Waislamu, wakakimbilia Pakistan.

Hapo nawaomba msome polepole, hasa ninyi mnaofanya kazi za mashirika. Rababi walipofika Lahore walikuwa na kila kitu ambacho watu wa "utamaduni wetu" hukitaja: walikuwa na damu, na mahadhi ya mababu, na maneno kichwani. Walichokosa ni watu wa kuwaimbia. Majirani wapya walikuwa Waislamu wenzao, ambao nyimbo zile hazikuwa ibada yao. Waliozijua walikuwa ng'ambo ya mpaka. Wengine waligeukia kawali, wengine wakaacha muziki wakatafuta vibarua. Huko Amritsar hekalu lilikuwepo, kitabu kilikuwepo, wasikilizaji walikuwepo, na wajukuu wa Mardana hawakuwepo. Hata mpaka ulipolegea kidogo, kanuni ilibaki. Bhai Ghulam Muhammad Chand, mzee wa Kirababi aliyezeekea Lahore na aliyejulikana kama mzao wa Mardana, alialikwa kuimba mbele ya Makalasinga wa ughaibuni. Ughaibuni waliketi wakamsikiliza. Kwa kanuni ile, katika Hekalu la Dhahabu hakuwa na nafasi.

Na matokeo? Mwaka 2022 uongozi wa kidini wa Makalasinga uliagiza kinanda cha mivukuto, chombo kilichoingia na Wazungu, kiondolewe taratibu hekaluni ndani ya miaka mitatu, na vyombo vya nyuzi virudi. Rababu irudi! Naishangilia hatua hiyo. Lakini rababu unaweza kuichonga mwaka huu. Mikono iliyoipokea kutoka kwa baba na babu huwezi kuichonga. Mingi ya mikono hiyo ilivuka mpaka 1947, ikazeeka bila wanafunzi.

Sasa nirudi kambini.

Kuna fomu ninayoijaza kila mwaka kuelekea tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Swali la kwanza: kikundi hiki ni cha jamii gani? Nafasi ya jibu ni moja. Kikundi chetu kina wapiga ngoma wa Kirundi, waimbaji kutoka Fizi na Uvira, na kijana wa Sudan Kusini anayejua kupanga sauti kuliko sisi sote. Nikiandika "mchanganyiko", fomu inarudi. Mwaka jana tuliambiwa tugawanyike, kila mtu apande na watu wake. Tukagawanywa. Jamii moja ikapanda jukwaani na ngoma bila waimbaji, nyingine na waimbaji bila ngoma, na yule wa kupanga sauti akakaa chini kutazama kwa sababu alikuwa peke yake. Picha zilipigwa. Wageni wakasema hongera kwa kulinda utamaduni.

Nyumbani nako hatuko salama na akili hiyo. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Mwaka 2017 amri ya serikali ikakataza wanawake kuipiga. Wapo wasichana ninaowajua wanaoipiga hapa ukimbizini, na wazee wanawaambia waache, si yao. Kama si yao ni ya nani? Wao ndio wanaoamka saa kumi na moja kufanya mazoezi kabla jua halijachoma.

Najua wazee wangu watanijibu nini. Watasema: mwanangu, sisi ni wachache, tukichanganyika tutamezwa. Hofu hiyo ni ya kweli, na siidharau. Mama mwenye watoto wanaosahau lugha yake ana haki ya kuogopa. Lakini wazee, tofautisheni kufundisha na kufunga. Mzee akikaa na watoto wa kwake akawafundisha wimbo na maana yake, huyo analinda. Akimfukuza mtoto wa jirani aliyekuja kujifunza, amepunguza kichwa kimoja ambacho kingeukumbuka wimbo huo yeye akifa. Makalasinga hawakumezwa na Mardana kwa miaka 400. Walikuwa wachache, kati ya Waislamu na Wahindu, na mwimbaji wao alikuwa Mwislamu, na bado walibaki Makalasinga.

Na ninyi wa mashirika mtasema bajeti imepungua, chakula kwanza, nyimbo baadaye. Rasheni ikipunguzwa hata mimi naanza na chakula. Lakini mambo ninayoyaomba karibu yote hayana gharama.

Badilisheni fomu. Ulizeni kikundi kinafanya nini na kinafanya mazoezi wapi, acheni kuuliza kabila. Mtu anapoandikishwa, mkimuuliza kazi aliyokuwa akifanya, msiandike "hana" anaposema alikuwa mwimbaji, mpiga zeze au fundi wa ngoma. Andikeni hivyo hivyo, tujue tuna nani. Mnapohamisha watu kutoka bloku hii kwenda ile, au kambi hii kwenda nyingine, ulizeni kama mnamtenganisha mwalimu na wanafunzi wake. Familia mnaulizia, na mnafanya vizuri. Kikundi nacho kikikatwa, hakiunganiki tena.

Wazee, mfundisheni anayekuja. Akikosea matamshi, mrekebisheni kama mnavyomrekebisha mjukuu.

Na vijana wenzangu, msisubiri siku ya wageni. Wimbo unaoimbwa mara moja kwa mwaka mbele ya kamera umeshaanza kufa. Imbeni Jumanne, imbeni wakati hakuna anayetazama, na mkialikwa mwaka huu mkaambiwa mgawanyike, kataeni kupanda jukwaani. Sisi tumeshakubaliana hivyo. Tutapanda wote au hatupandi.